Wazee wa kanisa wanataka mi ndo niwe mchungaji wa viziwi, na mi nasikia vizuri tu

Anti shikamoo,

Huwa nasoma majibu yako siku nyingi ila sijawahi kuandika, leo imebidi maana wazee wa kanisa wamenipa mpaka Jumapili ijayo niwe nimewajibu na kila ninayemuuliza tayari ana upande wake.

Mi nina miaka 27, baba na mama wote ni viziwi, sisi watoto wote tunasikia na mi ndo wa kwanza. Lugha ya alama ndo niliyoanza nayo kabla hata ya kuongea kwa mdomo. Tangu niko shule ya msingi mi ndo mdomo wa nyumbani, hospitali naenda mimi, kwa mwenye nyumba naongea mimi, hata mwalimu akimwita mzazi ili anisemee nilikuwa natafsiri mwenyewe ninavyosemwa (acha tu). Kanisani ikawa hivohivo. Tuna viziwi kama 40, wanakaa mbele upande mmoja, mi nasimama pembeni ya mimbari natafsiri kuanzia matangazo mpaka baraka, peke yangu, mchungaji akihubiri lisaa basi na mikono yangu iko hewani lisaa, jioni hata kuchana nywele shida, mabega yamekufa. Sijawahi kulipwa zaidi ya nauli, na wala silalamiki, nakupa picha tu.

Sasa kuna kaka mmoja kiziwi pale kanisani, fundi cherehani, ana miaka thelathini na kitu. Huyu ndo kila kitu kwa viziwi wenzake. Alhamisi jioni anawakusanya anawafundisha Biblia, mgonjwa yeye ndo wa kwanza kufika, ukimkuta anaelezea habari ya mwana mpotevu unaona kabisa yule baba anakimbia, watu wanacheka wanalia. Alishamwambia mchungaji kitambo kwamba anajisikia ameitwa, anataka kwenda chuo cha theolojia. Akaambiwa aombe kwanza. Ni miaka sasa, bado anaomba.

Mwezi uliopita kuna wanandoa viziwi walikuwa na ugomvi mkubwa wakaitwa ofisini kwa mchungaji, na mi nikaitwa kutafsiri. Yule mama ni rika la mama yangu, amenibeba mgongoni. Mchungaji akauliza swali la mambo ya chumbani, kwa upole tu wala hakuuliza vibaya, nikatafsiri. Yule mama hakumwangalia mchungaji, aliniangalia mimi, halafu akashusha mikono akaiweka mapajani akakaa hivo. Baadae akasema yameisha, wameshapatana. Tukaomba tukatoka. Usiku natoka mazoezi ya kwaya nawakuta wako chini ya taa ya ukuta wa kanisa wao wawili na yule kaka, mikono inakwenda kweli, mama analia huku anaongea. Nilivyokaribia wote wakashusha mikono. Yaani walininyamazia.

Ndo hapo sasa wiki mbili hizi wazee wananiita wananiambia uongozi wa juu umekubali tuwe na idara ya viziwi, wawe na ibada yao na mchungaji wao, na wamenichagua mimi. Kanisa litanisomesha, kuna mshahara na nyumba. Nikauliza na kaka je? Mzee mmoja akasema yule ni mtu mzuri sana lakini mchungaji asiyesikia atasikilizaje shida za waumini, usiku kukiwa na msiba ataitwaje, na akanisomea Warumi 10 kwamba imani chanzo chake ni kusikia. Mwingine akasema viziwi tunawaombea wafunguliwe masikio kila ibada ya maombezi, sasa tukimsimika mmoja wao akiwa hivohivo si itaonekana tumekata tamaa na Mungu?

Anti, mi sina kazi ya maana, nauza uza vitu mtandaoni. Huo mshahara nauhitaji. Mama anasema chukua, wewe ni mtoto wetu, usipochukua watatuletea mtu aliyesoma alama miezi 3 atakuwa anatupungia mikono tu pale mbele. Baba anasema mchungaji wetu tunaye tayari na sio wewe. Nyumbani kumegawanyika. Kaka mwenyewe hajui lolote na ananiita dada, ananiamini. Nikikubali si nitakuwa nimemuibia? Nikikataa idara si inakufa? Na kingine sijawahi kumwambia mtu, nimechoka kubeba siri za nyumba 40 ambazo hakuna aliyeniuliza kama naziweza.

Binti wa Viziwi

---

Marahaba mwanangu.

Nikupe jibu mapema usisome roho ikiwa juu: huo uchungaji usiuchukue. Ila usiende kusema hapana ukakaa kimya, maana hapana tupu ndo itakayoleta huyo wa miezi 3 anayemuogopesha mama yako, na mama yako kwenye hilo hajakosea hata kidogo.

Wale wanandoa wameshakuonyesha mchungaji wao ni nani. Wamekupita wewe wanayekupenda, wakampita na mchungaji mwenye ofisi na kiti na joho, wakaenda kusimama na fundi cherehani pale penye mwanga. Na hawakukunyamazia kwa kuwa hawakuamini, wamekunyamazia kwa kuwa wewe ni mtoto wao. Hata ungesomeshwa theolojia miaka 5 ukarudi na shahada, yule mama bado anakumbuka alivyokubadilisha nepi, hawezi kukuambia mambo ya chumbani kwake. Halafu kuna kitu watu wanaosikia hatukijui, kwamba kiziwi karibu maisha yake yote mambo yake mazito yanapita kwa mtu wa tatu, kwa daktari yuko mtu wa tatu, polisi yuko mtu wa tatu, benki yuko mtu wa tatu, sasa na kwa Mungu pia awepo? Mara moja moja apate pahala pa kuongea na mtu ana kwa ana, lugha yake kwa lugha yake, bila kupitia kwa binti wa jirani.

Hiyo habari ya siri nimeisoma mara mbili. Wenzetu Wakatoliki wameiandika mpaka kwenye sheria ya kanisa lao ya 1983, kwamba mtu anaruhusiwa kuungama kupitia mkalimani akitaka, na huyo mkalimani naye anafungwa kutunza siri kabisa. Wewe je, nani alikukalisha chini akakuambia unafungwa na nini na unalindwa na nini? Wamekuita tu njoo utafsiri, kama wanavyomwita kijana wa maiki. Umebeba miaka yote bila kiapo, bila malipo, bila mtu wa kupokezana, na sasa hivi ndo wanataka kukuongezea na mzigo wa pili juu yake wauite cheo. Hilo nitalirudia chini huko.

Tuje kwa wazee wako. Nawaheshimu, na sidhani wana roho mbaya, ila Biblia wameisoma wakaishia njiani. Huyo mzee wa Warumi 10, mwambie asifunge kitabu, asome na mstari unaofuata. Mstari wa 17 ndo huo wa imani chanzo chake ni kusikia, wa 18 Paulo anauliza je, hawakusikia? Halafu anajijibu mwenyewe, naam walisikia, na anachukua maneno ya Zaburi ya 19. Sasa nenda kwenye hiyo Zaburi uone inaongelea nini. Mbingu! Mbingu zinauhubiri utukufu wa Mungu, na imeandikwa wazi kwamba hakuna lugha wala maneno na sauti yao haisikilikani. Yaani mahubiri ambayo Paulo mwenyewe ameyaleta kuwa ushahidi kwamba watu wamesikia, ni mahubiri ya kuangaliwa kwa macho. Mzee akishasoma hapo muache atafakari, usimkatize.

Na yule wa pili, wa kufunguliwa masikio. Mi sipingi maombi, naomba sana tu. Lakini muulize kama amewahi kuona Yesu alifanyaje kwenye Marko 7 na yule kiziwi. Alimtoa kwenye umati akampeleka faragha, akamtia vidole masikioni, akamgusa ulimi, akatazama juu mbinguni, yaani kabla hajasema Efatha, maana yake funguka, alishaongea na yule mtu kwa kitu anachoweza kukielewa, kugusa na kuonyesha. Sasa linganisha na kumvuta mtu mzima kwa mkono kila ibada mbele ya kanisa zima, maiki inapiga kelele asizozisikia, watu wanamtazama kama atashtuka au hatashtuka, na asiposhtuka anarudi kukaa akionekana hana imani. Nina mdogo wangu kiziwi, aliacha kanisa kwa sababu ya hilo tu, wala sio dhambi wala pombe. Na kabla hajaacha alikuwa kila ikisemwa tufumbe macho tuombe anafumba moja, lingine kalibana nusu anachungulia, maana akifumba yote mawili maombi yote yanampita, atajuaje amina imefika? Nenda kwenye ibada inayoongozwa na kiziwi uone, wanaomba macho wazi wanaangaliana, na hakuna anayeona ajabu.

Ila andiko ambalo ningekwenda nalo kwa wazee ni Kutoka 4, na hili ni lako wewe hasa. Musa anamwambia Mungu mi mzito wa kusema. Mungu anamuuliza nani aliyefanya kinywa cha mtu, nani anayemfanya mtu kuwa bubu au kiziwi au mwenye kuona au kipofu, si mimi? Musa bado anakataa. Na hapo Mungu wala hakumponya ulimi! Alimpa Haruni, akasema huyu atakuwa kinywa chako. Kazi ikabaki ya Musa, mdomo ukawa wa Haruni, na mambo yakaenda mpaka Farao akasalimu amri. Wazee wako wanachotaka ni kumweka Haruni kwenye kiti cha Musa kwa sababu tu Haruni anaongea vizuri kwenye vikao. (Na siku Haruni alipoachiwa watu peke yake, Musa yuko mlimani, tunajua walitengeneza ndama gani. Nakutania mwanangu, ila sio sana.)

Usidhani haya ni mawazo ya juzi. Kulikuwa na padri wa kanisa la Kiepiskopali Marekani (ndo Waanglikana wa kule) anaitwa Thomas Gallaudet, anasikia vizuri, lakini mama yake alikuwa kiziwi, kwa hiyo kakulia kwenye mikono kama wewe. Mwaka 1852 akaanzisha kanisa la viziwi New York, na akawa ndo mtu wao, kila jambo la viziwi linapita kwake. Angeweza kukaa hapo mpaka anakufa akiitwa baba wa viziwi na kila mtu angempigia makofi. Ila alikuwepo kijana mmoja, Henry Winter Syle, aliyeugua utotoni akawa kiziwi, msomi kweli, na Gallaudet ndo akamtia moyo aombe kuwekewa mikono. Wakapinga watu wengi, sababu zao nadhani unazijua maana umeshazisikia kwa wazee wako, mtu aliyepungukiwa kiungo kimoja atahudumuje madhabahuni. Askofu wake Philadelphia hakurudi nyuma, na mwaka 1876 Syle akawekewa mikono, kiziwi wa kwanza kwenye kanisa hilo, na 1888 akajenga kanisa la viziwi hapo Philadelphia, limejengwa kwa ajili yao hasa. Leo kanisa lao linawakumbuka hao wawili siku moja, Agosti 27, anayesikia na asiyesikia pamoja. Sasa wewe angalia, Gallaudet hakukimbia na hakuwekwa pembeni, ila mlango aliokuwa ameushika yeye aliufungua, mtu mwingine akapita. Nafasi hiyo ndo unayo wewe wiki hii.

Na wengine wapo. Uingereza Richard Pearce, kiziwi, aliwekewa mikono mwaka 1885. Kutoka Afrika Kusini kuna Cyril Axelrod, kiziwi wa kuzaliwa, kazaliwa kwenye familia ya Kiyahudi Johannesburg, akawa Mkatoliki, upadri kapewa 1970, na baadae macho nayo yakaondoka, sasa anaongea na watu kwa kugusa mikono yao na bado ni padri. Na Andrew Foster huyu wazee wako wangepaswa kumjua kuliko wote, Mmarekani mweusi, aliugua akiwa na miaka 11 akawa kiziwi, mwaka 1957 akafika Ghana akiwa mmisionari, na mpaka anakufa kwenye ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987 alishaanzisha shule zaidi ya 30 za viziwi kwenye nchi 13 za Afrika, na shule zake zilikuwa zinakwenda pamoja na Injili. Huyo usiku kwenye msiba alikuwa anaitwaje? Aliitwa, ndo maana shule zipo.

Kwanza hilo swali la msiba lina jibu rahisi mpaka aibu. Viziwi wanapigiana simu za vidio na meseji siku zote, simu inatetema chini ya mto au inawasha taa, mtu anaamka. Swali gumu ni la kinyume chake, usiku huohuo kiziwi akifiwa, mchungaji wenu wa sasa atamfariji vipi kama wewe una homa? Hilo hakuna mzee aliyeliuliza.

Na ibada yenyewe usiwaogope watakaosema haitawezekana. Viti vinapangwa duara au nusu duara ili kila mtu amuone mwenzake, mwanga unakuwa wa kutosha, anayeongoza hasimami dirisha likiwa nyuma yake maana anageuka kivuli. Akitaka watu wamwangalie anawasha na kuzima taa. Kubatiza kwa kuzamisha, mikono yote miwili imemshika mtu, atasema saa ngapi? Anasema kwanza, wote wanaona, halafu ndo anashika na kuzamisha. Meza ya Bwana hivohivo, maneno kwanza mkate uko mezani, kisha anauinua. Sasa ndugu wanaosikia wakija kwenye harusi au mazishi hapo ndo unaingia wewe, kutoa sauti, yeye anahubiri kwa mikono na wewe unawatafsiria wao. Kwa mara ya kwanza hao ndo watakuwa wanahitaji mkalimani, nadhani itawasaidia kidogo.

Sasa nisikufiche, kuwa kiziwi peke yake hakumfanyi mtu kuwa mchungaji. Wapo viziwi wenye tamaa ya cheo kama walivyo wanaosikia, na kusimulia mwana mpotevu vizuri sio sawa na kujua kumtunza mtu anayetaka kujiua. Huyo kaka lazima asome, apimwe kama mtu yeyote, na akifeli afeli kwa haki. Lakini kwa haki. Chuo kikiwa ni kukaa darasani mhadhiri anaongea amegeukia ubao, hata mwenye akili kama Suleimani atafeli. Anahitaji wakalimani huko, na nasema wakalimani kwa wingi, maana mtu akitafsiri dakika 20 au 30 mfululizo akili inaanza kuacha maneno hata kama mikono bado inakwenda, ndo maana wenye kazi hiyo wanapokezana wawili. (Umesikia? Wewe na lisaa lako.) Na usomaji wake kubali utakuwa mgumu, kwa viziwi wengi maandishi ni lugha ya pili, hata Biblia ya kusoma ni kama wewe upewe ya lugha uliyojifunzia ukubwani. Biblia nzima kwa lugha ya alama ya Marekani, kwa vidio, imekamilika 2020 tu, na lugha za alama duniani ziko zaidi ya 300, kwa hiyo nyingi bado zina vipande vipande au hazina kabisa. Anayekaa Alhamisi akiwaza hili andiko niliseme vipi kwa mikono anafanya kazi ya kutafsiri ambayo wachungaji wengi hawajawahi kuifanya maishani mwao.

Basi ufanyeje. Alhamisi hii mwambie. Usisubiri uwajibu wazee kwanza, na usimwambie mbele za watu wala kwa meseji, mwambie ana kwa ana, mwende na baba yako kama unaogopa, maana baba yako nampenda bure. Mwambie wameniita, wamesema hivi, mi nimefikia hapa, wewe unasemaje? Anaweza kukasirika, muache akasirike, miaka yote ameambiwa aombe na kumbe jibu walikuwa wanampa mtu mwingine. Anaweza pia kukwambia kachukue dada, mi nimechoka. Akisema hivo usikimbilie kumshika neno siku hiyohiyo.

Halafu waambie wazee kabla ya kujibu unaomba viziwi wenyewe waulizwe, kwenye kikao chao, kwa lugha yao. Na hapa sikiliza vizuri sana mwanangu: kikao hicho usitafsiri wewe. Hata kidogo. Huwezi kutafsiri watu wanaojadili kama wewe uwe mchungaji wao au usiwe, hata ukiwa mwaminifu kama malaika nani atasema la moyoni akijua maneno yake yanapita kwenye mdomo wako? Na wazee nao kesho watasema ulipindisha. Aletwe mkalimani mwingine kutoka nje, alipwe, wewe kaa kwenye kiti kama mshirika au baki nyumbani.

Ukijibu, jibu kwa maandishi, hata ukurasa mmoja. Kwamba uchungaji huo huuchukui, unapendekeza huyo kaka aingizwe kwenye njia ileile wanayopitia wengine wote wanaotaka uchungaji, apate chuo na wakalimani, na wakati anasoma apewe uinjilisti wa idara kwa barua, awe na mamlaka kweli sio jina. Kwamba mshahara wake utoke kwenye mfuko wa kanisa zima, wasije kusema viziwi wakimtaka wamlipe wenyewe, wengi wao kazi hawapewi, watamlipa na nini? Na hapohapo, bila aibu, andika kwamba wewe unaomba ajira ya ukalimani, yenye malipo, na watafute wa pili wa kupokezana na wewe, na uandikiwe kabisa mambo ya siri yanakufunga vipi na kipi unaruhusiwa kukataa kutafsiri. Najua utaona unajipigia debe. Jipigie. Fedha ya kukulipa wewe uchungaji ilikuwepo wiki hii, haiwezi kuwa imeisha kwa sababu umeomba kazi unayoifanya tayari. Haitakuwa kubwa kama ile na nyumba huenda usipate, hilo siwezi kukudanganya, na ukiamua huwezi kuendelea bure basi usiendelee bure.

Wakikataa yote? Wakasema ni wewe au idara hakuna? Bado ningekataa, na ningeendelea kwenda Alhamisi. Lile kundi lilikuwepo kabla ya idara na halina hata chumba lilichopewa na mtu.

Mama usibishane naye, anaogopa kitu cha kweli. Muulize tu, kwa upole, siku ile alipokuwa na shida yake kubwa kuliko zote alimwambia nani. Na huyo mkalimani wa kikao usimtafute mwenyewe wala wasimtafute wazee, waulizeni chama cha viziwi kilicho karibu nanyi, wao wanajua nani anatafsiri kilichosemwa na nani anatafsiri anachotaka yeye. Anza leo kuwatumia meseji, wakalimani wazuri huwa wameshachukuliwa wiki nzima.

Anti